Masanduku Mawili, Mtihani Mmoja

Kikokotoo kilitetemeka mara mbili.

Jasusi Kifutio alikichomoa mfukoni. Kwa nje kilikuwa Casio ya kawaida, kama za wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza. Ndani kilikuwa redio. Kioo kiliandika: JIBU LIMETOKA UKUMBINI.

Maana yake sanduku la karatasi za majibu ya mtihani wa asubuhi limeibwa.

Akatimua mbio.

Kwa miezi minane alikuwa amejificha chuoni kama mwanafunzi anayerudia mwaka, idara ya ujasusi ikimlipia ada. Alitumwa kuulinda utafiti wa Daktari, mama wa makamo aliyetumia miaka kumi na mmoja kutafuta njia ya kufundisha hesabu chuo kikuu watu wakaelewa. Aliwagawa wanafunzi katika vikundi vidogo, kila kikundi na mkufunzi wake. Kampuni moja ya kigeni ilitaka wakufunzi wote thelathini wafukuzwe, zinunuliwe mashine zake za kufundishia. Saa kumi jioni jopo la wizara lingefungua sanduku. Wanafunzi wakifaulu, wakufunzi wanabaki. Wakifeli, kila mtu na virago vyake.

"Uko wapi?" Mkuu wake aliuliza kupitia kisikizi cha sikioni.

"Ngazi za nyuma."

"Miwani yuko chumba cha kuchapia. Una dakika ishirini."

"Zinatosha."

Hazikutosha, ila Mkuu haambiwi hivyo.

Miwani alikuwa wakala wa kampuni, mtu wa suti ya kijivu na viatu visivyolia. Kifutio aliufungua mlango kwa teke, bastola ya Beretta mkononi. Mashine ya kusaga karatasi ilikuwa inanguruma. Mezani palikuwa na masanduku mawili ya rangi moja, vifuniko wazi. Moja la kweli, moja la kughushi.

"Mikono juu."

Miwani akainua mikono, tena kwa tabasamu. "Haya, chagua."

Kifutio alizima mashine, akachota karatasi kwenye sanduku la kwanza. Swali la tano, makosa. Karatasi ya pili, makosa. Ya kumi, makosa. Akashusha pumzi. Hizi ndizo za kughushi, alijiambia, maana kampuni ilitaka wanafunzi waonekane wamefeli. Akageukia sanduku la pili, ayaone majibu sahihi.

Makosa.

Masanduku yote mawili yalikuwa yamefeli.

Akazitazama upya, moja moja. Katika sanduku la kwanza kila mtu alikosea kivyake, kama kazi ya watu waliolipwa kubuni upuuzi. Katika la pili karibu wote walijikwaa pahali pamoja: walipata sehemu yenye sifuri juu na sifuri chini, wakazikata, wakaandika moja, wakaipigia mstari kwa rula. Kosa hilo alilijua. Asubuhi ile ile alikuwa amelifanya yeye mwenyewe, bila wasiwasi wowote.

La pili ndilo la kweli.

"Tangu tuibe maswali, wiki sita watu wangu wameandika mpaka vidole vikaota sugu," Miwani alisema. "Tungejua watafeli wenyewe, tungelala zetu. La kuvunda halina ubani."

Kifutio alimfunga pingu kwenye bomba la maji. Kisha akasimama akiitazama mashine. Angeweza kuyasaga masanduku yote mawili na asijue mtu. Alitamani sana kufanya hivyo. Lakini mama yule alikuwa amengoja jibu miaka kumi na mmoja.

Alilibeba sanduku la pili begani.

Daktari alikuwa ofisini peke yake. Alisoma karatasi tatu tu, akakaa kwenye kiti taratibu. Kifutio alimweleza kwamba wakala amekamatwa, na kampuni haitauza hata mashine moja.

"Na wakufunzi wangu?"

Kifutio alilisogeza sanduku karibu naye.

Daktari alichomoa karatasi nyingine. "Hii namba ya mtihani si yako, mwanangu?"

"Ni yangu, mama."

"Kila Ijumaa nilikuuliza kama umeelewa. Ukaniambia umeelewa."

"Mimi nilikuwa kazini. Kudanganya ndiyo kazi yangu."

"Na wenzako je? Nao ni majasusi?"

Kifutio aliinamisha kichwa. "Walikupenda, mama. Uliwauliza kwa upole mno. Hakuna aliyetaka kukuvunja moyo."

Daktari alikirudisha kifuniko cha sanduku, akakibana kwa viganja vyote viwili. Wajumbe wa jopo walikuwa wameshaanza kupanda ngazi. Kifutio akamripotia Mkuu kwa maneno mawili: kazi imekwisha. Akachomeka bastola chini ya koti na kutoka.

Wakufunzi thelathini walikuwa wamejipanga kwenye korido na mashati yao yaliyopigwa pasi. Mkufunzi wa kikundi chake, kijana mwembamba mwenye chaki kwenye mkono wa shati, akamshika bega.

"Vipi, mtihani ulikuwaje?"

"Mwepesi, mwalimu," Kifutio alisema, akapita bila kupunguza mwendo.