Abee ya Mastura

Haya siyasemi ili kumpaka mtu uchawi. Nasimulia yaliyomkuta khalati yangu Mwanasaumu, mdogo wake mama, kule Mishomoroni mwaka wa themanini na tisa. Alasiri ile nami nilikuwapo.

Binti yake, Mastura, alikuwa hajatembea tangu Ramadhani. Miguu tu, ulimi ulikuwa mzima, tena mtamu, mtoto wa kucheka hata na ukuta. Hospitali walishindwa. Khalati hakumwambia jirani yeyote, maana jirani wa kwetu ukimwonyesha kidonda leo, kesho kinajulikana hadi Bombolulu. Ndipo Kadzo, muuza mboga, alipomletea ile kanda.

Ilikuwa kaseti ya kawaida. Wanawake wenye wagonjwa na wenye misiba walikuwa wakiipokezana, kutoka Likoni hadi Changamwe, wengi wao hawajaonana hata siku moja. Kila mmoja anawasikiliza wenzake, anawapa pole, anarekodi yake, kisha Kadzo anaipeleka kwa mwingine ndani ya kikapu cha mchicha.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Kadzo alimwambia. Kweli. Lakini methali haikusema ni nani atakayesikiliza.

Khalati akaizoea. Alimlilia Nyambura wa Changamwe aliyefiwa na mume, naye Nyambura akamlilia. Lakini khalati hakumtaja binti yake kwa jina. Alisema "mwanangu" tu, maana jicho la watu ni baya. Siku zile alipata usingizi, na mimi nilifurahi.

Kisha ikaja sauti isiyo na mwenyewe.

Mwanamke mtu mzima, Kimvita chake cha zamani. Hakueleza ugonjwa wala msiba wake. Alimpa pole kila mmoja, taratibu, mwisho akasema: "Nipani mizigo yenu, niwatukulie." Yaani awachukulie.

"Ni nani huyu?" khalati alimwuliza Kadzo.

"Kwani si jirani yako?" Kadzo akashangaa. "Nyambura asema ni mtu wa huku kwenu."

Agneta wa Bombolulu, mwenzao wa kanda, alidhani ni wa Likoni. Wa Likoni walidhani ni jamaa yake Agneta. Nikaanza kumshuku Kadzo. Khalati naye, wallahi, akanishuku mimi kwamba nimeichezea kanda. Tukawa tunakunywa chai bila kutazamana.

Alasiri ile kanda ilirudi. Khalati akaiweka kwenye redio, sebuleni. Sauti ikaanza mara moja. Haikutoa pole.

"Mastura!"

Khalati akanitazama. Jina lile hakuwahi kulitaja kwenye kanda.

Kimya. Kanda inazunguka. Kimya cha mtu anayengoja.

Sisi tumelelewa hivi: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Lakini pia tumelelewa kwamba msichana akiitwa na mtu mzima, hangoji kuitwa mara ya pili. Mastura alikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Alidhani tuna mgeni.

"Abee!" akaitika.

"Ahsanta, mwanangu," ilisema kanda.

Nikaizima. Tukasikia nyayo. Pazia likafunguka. Mastura amesimama kwa miguu yake mwenyewe.

Khalati alipiga vigelegele, akamkumbatia, akalia. "Sema kitu, mwanangu!"

Mastura akafungua mdomo. Hakukutoka kitu. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikasimama. Hata pumzi haikusikika.

Kanda ile tuliichoma. Madaktari walisema koo halina kasoro.

Mwezi wa Maulidi akaja mwanamke tusiyemjua, kanda nyingine mkononi. Alikuwa Agneta, Kadzo ndiye aliyemwelekeza. "Dada, mwanao amenifariji sana," alisema. "Sauti nzuri hivyo! Na wewe amekuachia neno." Kabla sijamzuia, akaiweka.

Ilikuwa sauti ya Mastura. Ile ile, yenye kicheko ndani.

"Mama!"

Kisha kimya.

Khalati akafungua mdomo. Mama gani asiyemwitikia mwanawe? Mastura akamrukia, akamziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka, anatikisa kichwa. Kanda ikaita tena. Ikaita, ikaita, mpaka ikafika mwisho.

Ni miaka mingi sasa. Ukimwita khalati yangu, hakuitikii. Atainuka, aje mpaka ulipo, akutazame midomo kwanza, kama ndiyo iliyomwita.