Udongo wa Kuku wa Mbuke

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Tusekile aliwafungulia kuku wake, akawamwagia mahindi yaliyopondwa. Mikono ilikuwa bandani, lakini masikio yalikuwa uani, ambako mama yake alikuwa na wageni kama kawaida. Nyumba ile ya kijijini Ubaruku haikukosa watu. Aliyekuja kuomba moto alikaa mpaka chai ikaiva.

"Mmewaona majogoo wa yule mtoto wa Nkuba?" aliuliza Mama Esta. "Wanang'aa kama wamepakwa mafuta!"

"Mbuke? Basi huyo ndiye wa kwenda Mbeya," alidakia mwingine. "Wamehamia juzi tu na ng'ombe wao kutoka Usukuma, tayari wametushinda!"

Moyo ulimchoma Tusekile. Mwalimu alisema kwamba mwanafunzi wa darasa la sita mwenye kuku bora angewapeleka kwenye maonyesho ya Nane Nane mjini Mbeya. Tusekile hakuwahi kufika Mbeya. Tena huyo Mbuke alikaa naye dawati moja! Siku hizi Tusekile hakutaka kumwazima hata kifutio.

Jioni alikwenda kuchungulia kwenye ua wa kina Mbuke. Alimwona akinyunyiza unga wa udongo mweupe-mweupe kwenye chakula cha kuku.

"Kumbe! Ndiyo dawa yenyewe," aliguna, akatimua mbio bila kungoja kuona zaidi.

Kwao, mahindi ya kuku yalikuwa yamevujiwa na mvua za mwisho, yakaota kuvu ya kijani. Mama alimwagiza ayachambue, lakini kazi hiyo ilimchosha. Sasa aliona haina haja tena. Alikwenda mbugani, pale ng'ombe wanapolamba ardhi, akakwangua udongo mweupe, akajaza kopo. Kisha akauchanganya na mahindi yale yale, tena kwa wingi, ili kuku wake wawapite wa Mbuke.

Haukupita muda, kuku wakaanza kunywa maji bila kukoma. Wakahara, wakashusha mabawa. Matetea wawili wakafa. Jogoo mwekundu, tegemeo lake la Mbeya, hakuweza kusimama.

"Wamerogwa!" Tusekile alilia mbele ya wageni. "Ni Mbuke! Ananionea wivu!"

Wageni wakageuka. Mbuke mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa. Nyuma yake alikuwa Bwana Sedekia, bwana mifugo, ambaye mama alikuwa amemwita.

"Mimi?" alisema Mbuke. "Mbona wewe ndiye uliyekuwa unachungulia kwetu? Mdogo wangu alikuona, tukadhani unataka kucheza."

Mama Esta akaziba mdomo kwa khanga. Bwana Sedekia aliokota kopo kando ya banda, akaonja udongo kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Chumvi tupu! Nani kawapa kuku chumvi?"

Tusekile akainamisha kichwa, akaeleza yote.

"Na wewe Mbuke, unaweka udongo gani?"

"Wa mfinyanzi, ule wa mtoni unaonata. Baba anauanika na kuuchekecha. Tunaweka kidogo tu, tena asubuhi tunakuwa tumeshachambua mahindi mabovu na kuyatupa." Akamgeukia mwenzake. "Ungeniuliza, Tuse, ningekupa."

"Kuvu ina sumu," alisema Bwana Sedekia. "Udongo wa mfinyanzi wa aina fulani unaweza kunasa sehemu ya sumu hiyo tumboni mwa kuku. Sehemu tu! Si kila udongo mweupe unafaa, na hakuna udongo unaogeuza mahindi yaliyooza kuwa chakula. Mahindi haya yafukieni."

Walichimba shimo wawili. "Nisamehe kwa nilivyokusingizia," Tusekile alinong'ona.

"Chimba kwanza," Mbuke alijibu, kisha akacheka.

Kwa maji safi na mahindi makavu, jogoo alisimama tena, ingawa alibaki mifupa mitupu. Nane Nane ilipokaribia, Mbuke ndiye aliyepanda lori la kwenda Mbeya. Tusekile alimsaidia kubeba tenga la kuku. Lori lilipoondoka, wivu ulimchoma bado, ila alipaza sauti: "Ukirudi unisimulie yote!"

Mama yake alimshika bega. "Mwanangu, wivu ulikupeleka uani kwa mwenzako, ukaona nusu ya kazi, ukakimbia. Siku nyingine pita mlangoni, uulize. Na mahindi ya kuchambua hayana dawa ila kuchambuliwa."

Walipofika nyumbani, wageni walikuwa wameshajaa uani. Tusekile akachukua ungo wa mahindi, akaketi katikati yao kuyachambua.