Jibu Lililosubiri Dawa

"Hiyo ya mwisho ni yangu!"

Tuva aligeuka. Foleni ya semla, yale maandazi ya krimu na lozi, ilikuwa imetoka nje ya duka la mikate hadi kwenye theluji ya uwanja wa Odenplan, na jamaa mrefu mwenye sweta ya kijani alikuwa akipunga kikaratasi chake cha namba.

"Namba yangu imetangulia, kaka."

"Basi tugawane. Wewe chukua lozi, mimi krimu."

"Mchoyo mkubwa!"

Wakagawana, na mapenzi yakaanzia hapo. Jamaa huyo jina lake Joar, mkemia. Wakemia bwana! Badala ya kumsifia macho, alimweleza Tuva, krimu ikiwa masharubuni, kuhusu protini inayozuia seli zisigeuke kuwa saratani. Ikipinda, haifanyi kazi. Yeye alikuwa anatengeneza kidonge cha kuinyoosha.

Tuva alitabasamu tu. Hakumwambia kwamba kasoro hiyohiyo aliirithi kwa mama yake, na kwamba ilishawazika mama na kaka yake.

Alimwambia kiangazi, Joar alipomwomba wafunge ndoa.

"Sitaki kukuacha mgane, mpenzi. Dawa yako ikifaulu, nitakujibu."

"Na isipofaulu?"

"Usiniulize hilo."

Tangu siku hiyo wakawa wafungwa wote wawili. Kila mwaka Tuva aliingizwa kwenye mashine ya kupiga picha za mwili, akalala ndani ya ule mtungi akiogopa hata kumeza mate. Joar naye kila alipoingia maabara alijua anaipima ndoa yake, akaichukia kazi aliyoipenda. Hata kucheka walicheka kwa tahadhari.

Miaka ikapita hivyo, hadi Novemba moja Joar akaanza kukwepa simu.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Kazini."

"Kazini kuna muziki siku hizi?"

Simu ikakatwa. Wivu ukampanda Tuva, akamwandikia: kama umepata mwingine, njoo useme mbele yangu.

Joar alikuja jioni ileile. Akasimama mlangoni na viatu vyake miguuni, na kwetu huku kwenye theluji, asiyevua viatu hakai.

"Anaitwa nani?" Tuva aliuliza.

"Hakuna mwanamke, Tuva. Majaribio yamesimamishwa. Dawa haikuwasaidia wagonjwa zaidi ya matibabu ya zamani. Nilikuwa nakaa baa, nakosa ujasiri wa kukwambia. Najua jibu lako. Nimekuja kuaga."

Tuva alilia kwa hasira, maana aliitaka ile dawa kuliko alivyowahi kukiri.

"Ipo nyingine?"

"Labda baada ya miaka mingi. Labda isiwepo kabisa."

"Kwa hiyo nilikuwa nasubiri ruhusa ya kuishi kutoka kwenye kidonge." Akajifuta pua kwa mkono wa gauni. "Vua viatu."

"Tuva..."

"Vua, mpumbavu wangu, unaniloweshea sakafu! Kisha uniulize tena."

Joar akainama. Kamba zikamshinda kufungua, akauliza akiwa hukohuko chini.

"Ndiyo," alisema Tuva, akiogopa vilevile kama jana.