Mifupa Miwili ya Msusi

Kuwashwa ndani ya plasta hakuna dawa. Msusi alikuwa amevunjika mifupa yote miwili ya mkono, kati ya kiwiko na kifundo, na tangu afungwe plasta alijikuna kwa sindano ya kufumia. Mchana mmoja akaichomeka sindano, ikavutwa. Kutoka ndani.

"Mama, kuna kitu humu," alimwambia mama mkwe wake.

"Kipo. Kinaitwa uvivu," alijibu yule bibi, ambaye neno halikumkaa rohoni. "Tangu lini hujagusa sufuria?"

Kesho yake hakuna aliyefanya mzaha. Plasta ilinuka udongo wa kaburi jipya, na vile vidole vilivyochungulia vikaanza kusuka vyenyewe. Vilimkamata binti yake mdogo kichwani, vikivuta, vikikaza, mtoto analia, mama anajivuta nyuma kwa nguvu zote na mkono wake mwenyewe haumsikii, hadi damu ikamchuruzika mtoto shingoni na bibi akazikata zile nywele kwa mkasi.

"Lete shoka, mama," msusi alinong'ona. "Uukate. Nakuomba."

"Shoka, mimi? Naleta mganga."

Mganga alitega sikio kwenye plasta, jasho likamtoka. "Pale mifupa ilipoachana pana mwanya. Jini kajibanza humo, na hatoki mikono mitupu. Anamtaka mtoto."

"Achukue mifupa!"

"Ngoja, dada. Huyo ni upepo tu, hana..."

"Achukue yote miwili! Aniachie mwanangu!"

Plasta ikapasuka kama yai, mkono ukaning'inia kama soksi iliyolowa, bila maumivu, bila mfupa, ile harufu ikakatika, na msusi, maskini ya Mungu, akacheka huku akimfuta mwanawe machozi kwa mkono uliobaki.

Mganga alikuwa anafunga mkoba wake haraka haraka.

"Na wewe mbona umenuna?" bibi akamuuliza. "Si ameondoka?"

"Bibi, tangu aumbwe hakuwahi kuwa na kitu cha kushikia. Leo mmempa."

Mlango ukagongwa. Mlio mkavu, mfupa juu ya ubao, chini chini, kimo cha mtoto.

"Nafungua mimi!" Binti akachomoka, akapita upande wa mkono uliolegea. Msusi akaurusha huo huo kumdaka. Ukamteleza mtoto mgongoni kama kitambaa, ukaanguka, na kitasa kikalia.