Oili Iliyokataa Kupata Moto

Ilianza na geji. Fundi aliliwasha lile gari la spoti la viti viwili, gari lenye umri kumshinda yeye mwenyewe, akaliacha lingurume dakika ishirini nzima, na mshale wa joto la oili haukusogea hata unywele. Akaguna. Geji mbovu si habari. Akafunga mpya, nayo ikalala vilevile. Ndipo akagusa bomba la oili kwa kidole, bomba ambalo kwa haki lilipaswa kumbabua, akalikuta la baridi, tena linatoka jasho.

Gari lilikuwa la daktari wa meno, mtu mpole aliyelipenda kuliko usingizi wake, na ndiye aliyetaka litiwe injini kubwa zaidi. Sasa injini kubwa ndani ya boneti dogo huchemsha oili, na oili ikichemka inakuwa nyepesi kama maji, hailindi chuma tena. Dawa yake inajulikana: unaongeza rejeta ndogo ya oili pale mbele, upepo unaipooza. Fundi alikuwa ameifunga rejeta hiyo kwa ustadi wake wote. Ila aliifunga baada ya mtu kufa.

Tusifichane. Aliyekufa alikuwa mdogo wake, mtu mzima mwenye mke, waliyemwita Kijiti kwa wembamba wake. Gereji ilikuwa ya wao wawili, na ilikuwa na sheria moja waliyorithi kwa baba yao: anayefunga injini ndiye anayeijaribu barabarani, ili mtu asifunge kizembe akamtanguliza mwenzake. Injini ile aliifunga kaka mtu. Kijiti alimwambia joto la oili linapanda mno, tuongeze rejeta kwanza. Kaka akamcheka, akamuuliza tangu lini amekuwa na roho ya kuku, akamrushia ufunguo. Mwenyewe alikuwa na njaa, alitaka kwenda kula. Hiyo ndiyo sababu yote, ukitafuta nyingine hupati. Kwenye mteremko injini ikakwama ghafla, magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka, gari likaenda ukutani. Bati liliumia kidogo tu. Kijiti alivunjika kifua, akafia palepale.

Na mama yao alipofika, maiti ikiwa bado imelazwa mbele yao, akauliza ilikuwaje, fundi akamjibu, "Alichukua ufunguo bila kuniambia, mama."

Mama aliamini. Miezi mitatu hakumwombea marehemu hata dua moja, wala hakukanyaga kaburini. Alisema mwana mkaidi amejiua mwenyewe, na mjane wa Kijiti akija kumsalimu, anaitikiwa dirishani. Fundi aliyaona yote hayo akanyamaza. Aliona haya, haya ya kumfanya mtu ashindwe kula, na bado akanyamaza. Njia ya mwongo fupi, wanasema. Ya huyu ilikuwa na miezi mitatu na bado inakwenda.

Turudi kwenye oili ya injini ile, aliyoifufua baada ya mazishi. Alifikiri imepoozwa kupita kiasi, akaongeza themostati, kile kifaa kinachoizuia oili isipite kwenye rejeta mpaka ipate moto. Baridi. Akaing'oa rejeta yenyewe. Baridi. Halafu ikaja harufu, ya udongo mbichi uliochimbuliwa sasa hivi, inatoka boneti likifunguliwa na haitoki mikononi hata kwa sabuni, mpaka mkewe akamwomba kwa sauti ya chini asiguse unga. Na mchana mmoja, jua la saa nane likiwaka, injini imezimwa tangu asubuhi, akiwa amelala chini ya gari anakaza nati, akasikia kitu kinapita ndani ya mabomba juu ya uso wake, kinakwenda na kurudi, polepole, kama mtu anayevuta pumzi kwa kifua kilichopondeka, na kila kilipopita juu ya kinywa chake kilisimama kidogo, kikangoja, kana kwamba kinataka kusikia atasema nini, na yeye akabana meno asiseme, akatambaa kwa mgongo mpaka nje, akatuma mtu amwite mganga.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani, aliyekuja na futi yake ya kushonea bado shingoni. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka.

"Huyu si mdogo wako," alinong'ona. "Marehemu harudi. Huyu ni jini, anakula uongo uliosemwa juu ya maiti. Mficha uchi hazai, mwanangu. Mwite aliyeuamini, umwambie hapa hapa, kwa kinywa chako."

Mama mzazi akaitwa. Akaja, akasimama kando ya gari lililomuulia mwana, akalikazia macho. Fundi akaegemeza viganja juu ya boneti. Akavuta pumzi. Kabla hajaitoa, sauti ikatoka chini ya bati, nyembamba, ya Kijiti kabisa.

"Mama, nilichukua ufunguo mwenyewe. Kaka hana kosa."

Mama alipiga magoti kwenye sakafu ya oili. Alilia kilio alichokibana miezi mitatu, akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Nimekusamehe ukaidi wako." Na fundi, Mungu amsitiri, alisikia nafuu. Kijiti amesamehewa, si ndicho kilichotakiwa? Kisha nafuu ile ikamtia kinyaa kuliko ile harufu, kwa sababu mdogo wake alikuwa anasamehewa kosa ambalo hakulitenda. Mganga pale mlangoni alikuwa anatikisa kichwa: sema wewe.

Mama akainuka, macho yamejaa machozi, haoni vizuri. "Na wewe uliniita useme nini, baba?"

Safari hii aliamua, na aliamua kweli. Maneno yote yalikuwa tayari: ufunguo nilimpa mimi, yeye alikataa, mimi ndiye niliyemcheka. Akafungua kinywa, midomo ikacheza, ulimi ukapinda, na hakikutoka kitu. Chini ya viganja vyake bati likatetemeka kidogo, na sauti yake mwenyewe, ile ambayo mama yake aliijua tangu kilio cha kwanza, ikasema kwa upole kutoka ndani ya boneti:

"Sina la kusema, mama. Si umeshamsikia."

Mama akampapasa shavu, akamshukuru kwa kumwita, akaenda zake nyumbani.