Samadi Nyuma ya Kisima

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku aliteka ndoo mbili za maji kisimani, kisha akafagia samadi kwenye banda la kuku. Mama yake aliyachemsha maji hayo, akayapoza na kumkorogea kitinda mimba wake wa miezi miwili maziwa ya unga.

Jumanne moja mama alimsogeza mtoto dirishani. "Hebu mwangalie mdogo wako. Mbona midomo kama aliyelamba wino?"

Kucha nazo zilikuwa za buluu. Mtoto alihema kwa shida, wala hakulia.

"Ni hili kopo," mama alisema akilinusa. "Yule mwenye duka kaniuzia maziwa mabovu. Nilimshuku tangu alipolifuta vumbi."

Walipopita dukani wakikimbilia zahanati, mwenye duka aliwasalimu, mama asiitikie. Chiriku naye akamtupia jicho la pembeni.

Kule zahanati mtoto aliwekewa oksijeni, daktari akamchoma dawa mshipani. Muuguzi aliligeuza kopo alilolilalamikia mama, akalisoma.

"Maziwa haya ni mazima. Maji ya kukorogea mnayatoa wapi?"

"Kisimani kwetu, dada. Na nayachemsha mpaka yatokote."

"Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini naitrati haitoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inazidi kukolea. Inatoka kwenye mbolea na samadi, inazama ardhini na mvua. Mtoto mchanga akiinywa, damu yake inashindwa kubeba hewa vizuri. Kuna samadi karibu na kisima?"

"Hakuna. Huyu anaipeleka shimoni, mwisho wa shamba."

Muuguzi alimtazama Chiriku. Chiriku akatazama sakafu. Akinyamaza, mama angeendelea kumlaumu mwenye duka, na nani angejua? Lakini mdogo wake angerudi nyumbani kunywa maji yaleyale.

"Mama, siipeleki," alisema kwa sauti ndogo. "Tangu mvua zianze njia ina matope. Naimwaga nyuma ya kisima, kwenye majani."

Mama alimgeukia muuguzi, akamwomba aje kuyapima maji.

Jioni ile maji ya kisima yalipimwa. Kijikaratasi cha kupimia kiligeuka rangi ya waridi iliyokolea, ishara ya naitrati nyingi. Kisima kikafunikwa, wakawa wanachota maji kwenye bomba la zahanati. Chiriku aliizoa samadi yote kwa koleo, karai baada ya karai, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mama naye alikwenda dukani kuomba radhi.

Siku ya tatu mtoto alirudia rangi yake, akalia kwa njaa. Muuguzi alimkabidhi kwa mama, kisha akamgeukia Chiriku.

"Uvivu wako ulimponza mdogo wako, usisahau. Lakini ungeficha, tungemtibu leo na kumpokea tena kesho. Maji kuwa maangavu si kuwa safi, mwanangu. Kilinde kisima, na ukikosea, sema mapema, kabla hajalaumiwa asiyehusika."