Dirisha la Tadhg Considine

Alhamisi asubuhi, saa mbili na dakika kumi, Assumpta Lillis alisukuma mlango wa nyumba ya Tadhg Considine, ukafunguka bila taabu, maana mzee huyo hakuwa na mazoea ya kufunga mlango. Alimkuta amelala chali mbele ya meko, kisogo kwenye ukingo wa jiwe, damu imekwisha kukauka. Saa mbili na nusu Sajini Bríd Hehir alikuwa kizingitini, kofia mkononi.

Kesho yake jioni tamasha lilikuwa lifunguliwe. Mji mzima wa Kilmorra ulikuwa umejipamba kwa vitambaa na taa za karatasi, na kila nguzo ilibeba bango lile lile: Tamasha la Donncha Lillis, Muziki na Sanaa. Donncha alikufa miaka ishirini nyuma, akaacha wimbo mmoja usio na maneno unaopigwa mpaka ng'ambo ya bahari, na mjane mmoja, Assumpta, ambaye ndiye katibu wa tamasha. Tadhg, mpiga fidla hodari kuliko wote wilayani, ndiye aliyekuwa atoe hotuba ya ufunguzi.

"Sijagusa kitu, Bríd mwanangu," Assumpta alisema, akikumbatia mkoba wake. Alimwita mwanangu kwa haki. Ndiye aliyemfundisha Bríd kupuliza filimbi akiwa na miaka saba. "Nilikuja kumkumbusha mazoezi. Laiti ningepita jana! Lakini jana mchana kutwa nilikuwa ukumbini peke yangu, nabandika majina kwenye viti, hita miguuni, na birika la chai kando. Sikutoka mpaka saa kumi na moja."

Bríd aliandika, kisha akazunguka chumba taratibu. Redio kaseti mezani ilikuwa wazi, kanda haimo. Kofia ya sufi, ambayo si ya Tadhg, ilikuwa kwenye kiti. Halafu dirisha la upande wa bahari. Lilikuwa limefungwa kwa komeo, lakini rangi iliyoligandisha kwa miaka ilikuwa imepasuka, na nyufa zilikuwa mbichi. Chini yake magazeti yalikuwa yamevimba kwa maji.

Hilo lilimkera. Tadhg aliogopa unyevu kuliko shetani, kwa ajili ya fidla zake. Na jana mvua ilinyesha mara moja tu, kuanzia saa tisa na robo hadi saa kumi na nusu, upepo ukiipiga kutoka baharini.

Daktari alisema mzee alikufa jana, kati ya saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni. Alisukumwa, maana kifuani palikuwa na alama za viganja viwili.

Kofia ilijulikana upesi. Ilikuwa ya Ned Cawley, mpiga zumari ya mfuko kutoka jamii ya Wasafiri, watu wanaoishi kwenye magari kando ya barabara. Jirani aliliona gari lake uani kwa Tadhg jana saa nane. Kufikia saa tatu na nusu mji ulikuwa umekwisha kumhukumu, na wengine, nasema kwa aibu, walionekana kama waliokuwa wakiisubiri nafasi hiyo. Mkaguzi wa polisi akapiga simu kutoka mji wa Ennis. "Mshike huyo. Saa kumi na moja jioni tunakuja kumchukua."

"Na kama si yeye?"

"Sajini, usitutafutie kazi."

Basi Bríd alikuwa na saa saba na nusu. Alijua kwamba Cawley akishaingia kwenye gari lile, hakuna atakayejisumbua kutafuta mwingine.

Saa nne walikaa ana kwa ana kituoni. Cawley alikuwa na miaka hamsini, vidole virefu, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Kofia ni yako?"

"Yangu, afande. Niliisahau kwa furaha."

"Furaha gani?"

"Mzee aliniita kusikiliza kanda. Ndani yake yumo baba yangu, marehemu Johnny. Aliomba hifadhi ya usiku mmoja kwenye banda la akina Lillis, akalipa kwa kupiga zumari. Na unajua alipiga nini?" Akauimba kwa pua, na nywele za Bríd zikasimama. Ulikuwa wimbo wa Donncha Lillis.

"Labda baba yako aliusikia kwa Donncha."

"Kanda inasema yenyewe nani alimfundisha nani. Tadhg, aliyeirekodi usiku ule, alisema dhamiri imemkaba miaka yote, kesho atausimulia ukweli jukwaani. Sasa mimi nimuue kwa nini? Mtu amenirudishia baba yangu, halafu nimvunje kichwa?"

"Uliondoka saa ngapi?"

"Tisa kasorobo. Nikaenda uwanja wa tamasha kuomba nafasi ya kupiga. Muulize Fintan Moroney kama atakuwa na uso wa kujibu."

Fintan, mwenye baa na mpiga kodiani, naye alikuwa na kesi yake. Jumatatu alimpigia Tadhg meza mbele ya watu kwa sababu aliondolewa kwenye ratiba ya usiku wa kwanza. Saa sita Bríd alimkuta uwanjani anawafokea wafunga mahema.

"Jana mchana ulikuwa wapi, Fintan?"

"Aa, leo na mimi nimekuwa jambazi! Nilikuwa papa hapa na mafundi sita, tangu saa saba. Waulize."

"Cawley alifika?"

Fintan akakuna shingo. "Alifika saa tisa. Mvua ikatukuta tunabishana, tukabanana naye chini ya turubai mpaka ikakatika. Nikamwambia watu wa aina yake hawapigi hapa. Haya, usiniangalie hivyo. Nilikuwa na hasira. Tangu saa nane tulikuwa hatuna umeme, uwanjani wala ukumbini, mafundi wanaunganisha taa za jukwaa. Uliporudi ilikuwa imegonga kumi na moja. Hata chai hatukunywa."

Bríd akaandika. Fintan alikuwa amekwisha kupoa, na sauti ikamshuka.

"Maskini Tadhg. Nilimtukana, na sasa sina wa kumwomba radhi. Angalau mlimfungulia dirisha?"

Kalamu ya Bríd ilisimama. Hilo ndilo swali ambalo mtu yeyote wa Kilmorra angeuliza. Mtu akifa, dirisha hufunguliwa ili roho itoke, na walio chumbani hukaa kando ya njia yake. Zikipita saa mbili hufungwa, isije ikarudi. Bibi yake Bríd alifanyiwa hivyo, na babu vilevile. Muuaji wa kutoka mbali angekimbia. Huyu alifungua, akakaa na maiti wakati mvua inaingia, kisha akafunga. Alikuwa mtu wa hapa, tena mtu aliyempenda.

Mchana wote alizunguka na daftari. Mafundi sita, mmoja mmoja, walithibitisha maneno ya Fintan, na fundi mkuu akamwonyesha saa alizoandika za kukata na kurudisha umeme. Kila alipouliza, Bríd aliomba moyoni jibu liwe jingine.

Saa kumi kamili aliingia ukumbini. Viti mia tatu vilikuwa vimepangwa, kila kimoja na jina lake. Assumpta alikuwa mstari wa mbele, mkoba mapajani, akibandua karatasi yenye jina la Tadhg.

"Ulisema jana ulikuwa hapa na hita na birika," Bríd alisema, akibaki wima.

"Ndiyo, mwanangu. Baridi ilikuwa kali."

"Umeme ulikatwa hapa saa nane, Mwalimu. Ulirudi saa kumi na moja."

Assumpta aliikunja ile karatasi mara mbili, kisha mara ya tatu. "Basi nimechanganya siku. Nina miaka sabini."

"Nani alifunga dirisha la Tadhg?"

"Dirisha gani?"

"Lile la baharini. Lilikuwa wazi wakati wa mvua, na leo asubuhi lilikuwa limefungwa. Cawley alikuwa uwanjani mvua yote, Fintan naye pia. Wewe ndiye uliyeingia kwanza na hukugusa kitu. Aliyemsukuma Tadhg alimpenda, ndiyo maana aliifungulia roho yake. Nikuombe mkoba, au utautoa mwenyewe?"

Assumpta alifungua mkoba, akatoa kanda, akaishika kama kifaranga.

"Alinipigia simu saa saba. Akasema, njoo usikie mwenyewe kabla ya watu. Nilipofika akaiweka. Nikamwambia Tadhg, ukisema haya nitabaki na nini? Sina mtoto. Nina jina la Donncha, na jina limekaa juu ya wimbo huu. Akasema ukweli ni ukweli. Nikamsukuma ili nifike kwenye redio. Basi tu. Akaanguka, hakupumua tena."

"Na asubuhi tukamshika Ned. Ukanyamaza."

"Nikanyamaza," alisema, na hakujitetea.

"Kwa nini hukuichoma? Bila kanda hii hakuna ambaye angemwamini Cawley."

Assumpta alinyoosha kidole kwenye redio iliyokuwa jukwaani. Bríd akaweka kanda. Zumari ikalia, ya zamani, yenye kukwaruza, ukatoka wimbo ule hadi mwisho. Kisha sauti ya kijana ikacheka karibu na kinasa sauti. "Rudia, Johnny, rudia! Sijaushika. Wimbo wako una pembe, bwana! Assumpta, mwongezee chai huyu mtu."

"Hiyo ndiyo sauti pekee ya Donncha iliyobaki duniani," Assumpta alisema. "Ningeichomaje?"

Bríd alilia waziwazi. Hakuona sababu ya kujificha. Alipomshika mkono kumwinua, yule mama aling'ang'ania kiti.

"Bríd, nisaidie jambo moja. Nilifungua saa tisa. Nilipaswa nifunge saa kumi na moja, lakini nyayo zilipita barabarani, nikaogopa, nikafunga zikiwa zimebaki dakika kumi. Usiku kucha nimesikia fidla. Hajatoka. Nimemfungia ndani."

Mkaguzi alipofika saa kumi na moja, aliondoka na mtu mwingine. Bríd akampeleka Cawley kwa Tadhg kuchukua kofia yake. Njiani watu waliokuwa wakimlaani asubuhi walijifanya wanatengeneza vitambaa.

Chumba kilikuwa baridi. Cawley alivaa kofia, akaitazama fidla mezani, akatulia ghafla.

"Unasikia kitu, afande?"

Bríd alivuta komeo, akalisukuma dirisha mpaka mwisho, na upepo wa bahari ukaingia. Wote wawili wakasogea ukutani kuacha njia, na Bríd akaangalia saa yake.